Mzee wa Benchi la Juu

Mtu akiniuliza nani alikuwa mpiga picha hodari kuliko wote pale Uhuru Park miaka ile, namjibu kabla hajamaliza swali: mimi. Lazima nijibu haraka. Nikingoja kidogo tu nitaanza kumkumbuka yule mzee, na jibu litanikwama kooni.

Tulimwita Mzee wa Benchi. Jina alikuwa nalo, na wenzake wa msikitini mjini walilijua, lakini bustanini hakuna aliyelihitaji. Benchi lenyewe lilikuwa la saruji, juu kabisa ya mteremko. Nyuma yake kulikuwa na vichaka na miti, na mbele yake nyasi ziliteremka hadi kwenye ziwa la mashua, kisha barabara kuu, kisha mji mzima. Nilipofika na kamera yangu ya kwanza, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilimkuta amelikalia. Nilidhani anapumzika. Baadaye nikaambiwa amekuwa akipumzika hapo tangu wengi wetu hatujaota meno.

Bustani ni ya kila mtu, lakini sisi wapiga picha tulikuwa tumeigawana wenyewe kwa wenyewe. Wengine walikaa ziwani wakingoja wapenzi washuke kwenye mashua. Wengine walishika njia ya lango kuu. Mimi nilipewa katikati ya mteremko na sikulalamika, maana hapo mteja alisimama na majumba marefu yote yakajipanga nyuma yake. Mtu akitoka Kitui au Nyahururu hakuja Nairobi kupigwa picha na majani. Majani anayo kwao. Anataka lile jengo refu la mviringo limtokee begani, ili watu wa nyumbani wajue kweli alifika. Sheria kubwa ilikuwa moja: mteja wa mtu haguswi. Akimuulizia fulani, mwonyeshe fulani alipo, hata kama moyo unakuuma.

Wangu uliniuma kila siku. "Yule mzee yuko?" "Yule wa ndevu nyekundu leo amekuja?" Walinipita kama nguzo ya stima, wakapanda juu. Na huko juu alifanya kinyume cha sisi sote. Alimketisha mteja kwenye benchi, mgongo kwa vichaka, yeye akasimama upande wa chini akiupa mji kisogo. Picha zake hazikuwa na ghorofa hata moja. Ungedhani zimepigwa Uthiru, nyuma ya nyumba yetu, karibu na banda la ng'ombe. Na bado watu walirudi kwake, wakawaleta wake zao, kisha wakawaleta watoto wa hao wake zao. Mimi niliyewapa Nairobi nzima begani sikurudiwa na mtu.

Alikuwa mtu wa kujipenda. Hilo naliandika kwa raha. Ndevu alizitia hina, na asubuhi kabla ya kupanda mteremko alikuwa amekwisha kupitia kwa wang'arisha viatu wa Kenyatta Avenue. Jua liwake lisiwake, alivaa koti la kijivu juu ya kanzu. Alinawa mikono kwa maji ya chupa kabla ya kuishika kamera, kila mara, hata kama aliiweka chini dakika ile ile. Mteja akisimama kumngoja, yeye ananawa tu, polepole, kama daktari. Nilijaribu kunawa wiki nzima. Wateja waliniuliza kama nimetoka kula samaki.

Tena alikuwa mwoga. Mwewe wa bustani wana macho makali. Ukila soseji hadharani wanakupokonya mkononi. Siku moja mmoja alishuka akakosea, akaondoka na kofia ya mzee badala ya chipsi za mtoto aliyekaa karibu. Kuanzia siku hiyo mzee alitembea na mwavuli, na kivuli cha mwewe kikipita juu ya nyasi alijifunika na kuanza kusoma dua. Nililipenda tukio hilo. Nililisimulia kwa kila mteja aliyemuulizia. Walicheka, wakafuta machozi, kisha wakapanda kwake.

Aliniita "kijana," nami nilimwita "mzee," na adabu yetu iliishia hapo. "Wee kijana, sogea kidogo, wanizibia upepo," aliniambia siku ya kwanza, upepo wenyewe ukitoka upande mwingine. Alinigombeza nikimwambia mteja picha zitakuwa tayari jioni hali najua mashine ya kuosha picha kule River Road imeharibika. "Uwongo hauna haya kwako?" Na huyo huyo, watoto wa bustanini wakimsumbua, "Babu nipige, babu nipige," aliwapiga kwa kamera isiyo na filamu. Mwanga unawaka, watoto wanafurahi, wanakwenda zao. Akaja mama mmoja na mtoto wake kudai picha. Mzee alinawa mikono kwanza. Kisha akanyoosha kidole kuelekea kwangu. "Kijana yule aliifungua kamera juani, mama. Filamu yote imeungua. Msamehe, bado anajifunza." Yule mama aliniangalia kwa huruma ambayo sijaisahau.

Nilichotaka kwake kilikuwa kitu kimoja: siri ya nyuso. Ukishika picha yangu na picha yake, yangu ni ya mtu aliyekwenda kuchukua kitambulisho. Yake ni ya mtu unayemfahamu, hata kama hujawahi kumwona. Kwanza nilidhani ni filamu, nikanunua ya aina yake. Halafu nikadhani ni jua la asubuhi, linalompiga usoni yeyote anayekaa kwenye benchi lile. Ijumaa mchana, alipokwenda kuswali, nililivamia benchi na kuketisha wateja mmoja mmoja. Jua lilikuwa limekwisha kuvuka upande wa pili. Nikapata picha za watu weusi tititi wenye nywele zinazong'aa. Vijana wa kuosha picha kule River Road waliniuliza kama nimeanza kupiga mizimu.

Siri niliipata kwa kujificha. Nilijikunyata nyuma ya vichaka vyake nikijifanya nafunga kamba ya kiatu, nikamsikia. Hakumwambia mtu acheke. "Ukimwambia mtu acheke atakupa meno," alikuwa akisema, "na meno hata punda anayo." Alichofanya ni kumuuliza mteja, sauti ya chini kabisa, "Picha hii wampelekea nani?" Basi. Mteja anataja, mama, mchumba, mwenzake wa zamani wa shule, na akimtaja tu, uso unabadilika. Mzee anangoja kidogo. Anabonyeza.

Nilitoka kichakani nimejawa na furaha ya mwizi. Siku ile ile nilimpata dada mmoja mrembo, mfanyakazi wa ofisi, amevua viatu kupumzisha miguu. Nikamsimamisha na mji nyuma yake. "Sasa, hii picha unapelekea nani?" nikamuuliza kwa sauti, jinsi ninavyouliza kila kitu. Alifungua mdomo, akaufunga, kisha akaangua kilio. Aliyekuwa anamtumia picha, dada yake wa pekee, alikuwa amezikwa mwezi uliopita. Nilisimama na kamera kama mtu aliyeshikilia mtoto asiye wake. Nikasema, "Pole, auntie, pole, wacha basi tupige bila." Bila nini, sijui.

Mzee alishuka na mwavuli wake. Hakunitazama. Alimpa yule dada kitambaa, akapanda naye pole pole mpaka kwenye benchi, wakakaa. Walikaa sana. Nilipoangalia tena, dada alikuwa amekaa wima, macho mekundu, na mzee amesimama chini yake na kamera. Ile picha aliitia kwenye albamu ya kuonyesha wateja. Mteja wangu, machozi niliyoyaleta mimi, albamu yake yeye. Sheria ya mteja wa mtu haguswi ilikuwa imelala usingizi siku hiyo.

Lakini hayo yote ningeyameza. Nisilolimeza mpaka leo ni lile la mama.

Mama yangu hapendi kupigwa picha. Nimejaribu tangu nishike kamera. Uthiru, mlangoni, shambani, baada ya kanisa, akiwa amevaa kitambaa chake cha Chama cha Akina Mama. Kamera ikipanda tu, uso unakaza, shingo inasimama, na anakuwa mtu wa serikali. "Piga haraka, niko na kazi," ananiambia. Picha za hivyo ninazo rundo.

Tulipatana kwamba baada ya Krismasi atakuja mjini na wenzake wa kanisa, watembee bustanini, nami nimpige picha moja ya maana. Picha ile ilikuwa na kazi. Kaka yangu mkubwa alikuwa Amerika, na kwetu kila kitu kizuri kilikuwa na kazi ya kwenda Amerika. Kuku mnene alichinjwa ili kaka aelezwe kwenye simu. Mimi niliyekuwa hapa, ninayemletea mama unga na kuwapeleka ng'ombe kuogeshwa dawa, nilikuwa kama meza: ipo tu. Nilitaka nimpige mama picha ambayo kaka akiifungua huko aliko aone imepigwa na nani.

Siku ile, wateja wa sikukuu walikuwa wakinidai picha zao, nikakimbia River Road kuzichukua. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nikangoja, nikagombana, nikapata bahasha zangu, nikarudi mbio kupitia mjini na Kenyatta Avenue, nikaingia bustanini kwa ile pembe ya barabara na kuanza kupanda njia. Nikiwa bado chini nikaona koti la kijivu limeinama, na mbele yake, kwenye benchi, mama yangu. Mwanga ukawaka.

Nilifika nikihema. "Mzee! Si unajua rules? Mteja wa mtu haguswi! Na huyu si mteja hata, huyu ni mathe wangu!"

"Alikuwa amekaa benchi langu," akasema, akinyoosha mkono kuitafuta chupa ya maji.

"Nani alikuambia upige?"

"Wewe acha hiyo kelele," mama akaingilia, maana wenzake wa kanisa walikuwa wameanza kugeuka. "Ulikuwa wapi? Nimekaa hapa mpaka jua imenipiga kichwa. Na mimi hata sikujua amepiga. Niliona tu mwangaza."

Baada ya hapo nilimpiga mimi. Uso wa serikali, jengo la mviringo begani.

Picha ya mzee iliwasili kwetu nami nikiwa ndiye mbebaji, kwenye bahasha, kwa adabu zote. Nilipoifungua kwenye njia ya kutoka Waiyaki Way nilisimama. Mama alikuwa na uso ambao sikuwahi kuuona. Si kicheko. Midomo imelegea kidogo, kama mtu anayetaka kuita. Uchovu wote wa ng'ombe na kanisa umemtoka. Nilitafuta kosa, nikalipata: hakuangalia kamera. Macho yamekwenda pembeni, upande wa kulia wa picha. Hata mwanafunzi wa wiki moja anajua kumwambia mteja "angalia hapa." Nilifurahi nalo, lile kosa. Nikamwonyesha kila mtu.

Mama aliiweka ukutani juu ya kabati la vyombo, na nakala ikasafiri kwenda kwa kaka. Kaka akapiga simu. Alisema alilia. Ile yangu ya jengo la mviringo mama aliitia kwenye Biblia, sijui mahali gani.

Hapo ndipo nilipoelewa, au nilidhani nimeelewa. Mzee alimuuliza mama swali lake, na mama akamtaja kaka, na uso ukafunguka. Uso ule ulikuwa wa kaka. Nililala nao, nikaamka nao. Niliwaonea wivu watu wawili kwa picha moja: aliyependwa hivyo, na aliyeweza kuuona upendo huo akaukamata. Nilimuuliza mama, "Yule mzee alikuuliza nini?" Akasema, "Muulize yeye, mimi nilikuwa najiangalia viatu." Nikamuuliza mzee. "Ya mamako yaulize kwa mamako," akanijibu, na kufungua mwavuli, ingawa hapakuwa na mwewe.

Miaka ikasonga. Kamera za dijitali zikaja, kisha simu zenye kamera, na watu wakaanza kujipiga wenyewe kwa mkono ulionyooshwa. Mzee alizidharau. "Kamera ya kukuonyesha makosa yako papo hapo, utalala vipi?" Lakini nilimwona kwa macho yangu, amejificha nyuma ya mwavuli, akimpiga picha bata wa ziwani kwa simu ya mjukuu wake na kucheka peke yake. Magoti yakamsumbua. Akaanza kuja siku moja moja, kisha akaacha. Nikahamia kwenye benchi. Hakuna aliyenikabidhi na hakuna aliyenizuia. Nikawa nawageuza wateja kama alivyowageuza yeye, na swali nikaliuliza kwa sauti ya chini. Picha zangu zikawa nzuri. Mteja akiishika anasema, "Aki hii ni poa. Na yule mzee alienda wapi?"

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa asubuhi, mwishoni mwa miaka hiyo. Alipanda na fimbo, akisimama kila baada ya hatua chache kujifanya anatazama ziwa. Ndevu zilikuwa nyeupe; hina ameiacha. Koti lilikuwa lile lile, limemzidi.

"Umekalia benchi langu," akasema.

"Karibu, mzee."

Akaketi, akapumua. Alikuwa anarudi Mombasa kwa binti yake, aliyekuja kumchukua, basi la siku hiyo hiyo, na hakuwa na nia ya kurudi tena Nairobi. "Nipige," akasema. Nikadhani sikusikia vizuri. Mtu huyu hakuwahi kukubali kupigwa picha. Tulipomtania alisema uso wake anaujua. "Nipige, kijana. Ujuzi wangu umeuiba, hebu nione umeufanyia nini."

Nilinawa mikono kwa maji ya chupa. Alicheka mpaka akakohoa. Nikashuka, nikasimama alipokuwa akisimama, nikamtafuta ndani ya kamera. Nikaiga sauti yake: "Picha hii wampelekea nani?"

"Mwizi wee," akasema, na uso wake ukakaza. Hata yeye. Ndevu zimesimama, kidevu juu, mtu wa serikali mtupu. Nikangoja. Nilikuwa nimejifunza kungoja. Hakulegea. Nikaanza kufurahi, Mungu anisamehe, kwamba nimepata mtu mmoja duniani ambaye mzee mwenyewe angeshindwa kumpiga.

Kisha uso ukafunguka, ghafla. Macho yakaniacha, yakaenda pembeni, midomo ikalegea kama mtu anayetaka kuita. Nikabonyeza. Nikageuka nione anatazama nini. Kwenye njia, akitokea ile pembe ya Kenyatta Avenue, binti yake alikuwa akipanda na mfuko mweusi, ametoka River Road kukata tiketi.

Nilirudi kumtazama mzee. Nikaiangalia picha kwenye kamera. Macho yalikuwa upande wa kulia.

"Mzee," nikasema. "Mama yangu. Siku ile. Alikutajia nani?"

"Sikumuuliza."

"Hukumuuliza?"

"Nilikuwa niko karibu kumuuliza. Alikaa hapa amekaza shingo, nikasema huyu leo atanitoa jasho. Mara nikaona uso umefunguka wenyewe. Nikapiga, kisha nikageuka. Nani wapanda? Wewe, na bahasha zako, wakimbia kama unafukuzwa." Alijipangusa macho kwa ncha ya kanzu, jua lilikuwa likimpiga usoni. "Na wewe hukumtazama hata mara moja. Ulikuwa umenitolea macho mimi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuja na matusi. Nami pia nina moyo." Akaitafuta fimbo yake. "Tena ningekwambia, ungekwenda kujaribu. Nawe huwezi ile, kijana. Ukimpiga mamako wajificha nyuma ya kamera. Atamtazama nani?"

Binti yake alifika, akanisalimia, "Habari kaka," huku akimshika mzee kwapani. Wakashuka pole pole. Kivuli cha mwewe kilipita kwenye nyasi na mzee akainua fimbo juu ya kichwa, maana mwavuli hakuwa nao.

Ile picha yake niliituma Mombasa kwa mkono wa dereva wa basi. Sikuitia kwenye albamu.

Picha ya mama bado iko ukutani kwetu Uthiru. Siku hizi nikiingia napita kando ya meza na kwenda kusimama kati ya kabati na mlango, upande wa kulia, mahali macho yake yanapofika. Nasimama hapo. Mama mwenyewe, akitoka jikoni, huniuliza, "Unangoja nini hapo kama askari?" Namwambia nangoja chai. Ananitazama kidogo, kisha anarudi kuileta, na kamera iko ndani ya begi, na wivu unanipanda upya. Uso ule ulikuwa wangu, na aliyeuona ni yule mzee.